Wa Kusikilizwa Mpaka Mwisho

Mwalimu aliwagawa waimbaji wote wa dunia katika rafu tatu za sebuleni kwake Toongabbie, magharibi mwa Sydney. Rafu ya juu ilikuwa ya wa kusikilizwa. Ya katikati ilikuwa ya wa kusikilizwa ukiwa unapika. Ya chini kabisa, karibu na viatu, ilikuwa ya wa kusikilizwa na jirani. Jirani mwenyewe nilikuwa mimi, mpangaji wa kijumba cha uani nyuma ya nyumba yake. Nilipomuuliza kama nilichukue hilo kuwa tusi, alisema, "Bado sijajua una masikio ya aina gani."

Kaseti zilikuwa mamia, na za rafu ya juu hazikufika kumi na mbili. Zote, za juu na za chini, zilikuwa za muziki mmoja tu, enka, nyimbo za Kijapani za watu wazima walioachwa. Ndani yake kuna bandari, theluji, treni iliyokwisha kuondoka, na mtu anayekunywa peke yake. Ukizisikia mara ya kwanza utadhani kuna msiba. Mimi nilidhani hivyo. Wiki yangu ya kwanza pale nilimpigia simu Espérance, rafiki yangu Mrundi tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee, nikamwambia mwenye nyumba wangu amefiwa.

"Pole yake," akasema. "Umemupelekea kitu?"

Nikampelekea chapati. Mwalimu alifungua mlango, akazipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru, akanieleza kwamba hakuna aliyekufa, ni Jumamosi tu. Jumamosi ilikuwa siku ya darasa. Kesho yake alinirudishia sahani ikiwa imeoshwa na kufutwa, akaniambia chapati zilikuwa ngumu.

Wanafunzi wake walimwita sensei, ambalo kwa Kijapani ni mwalimu, nami sikuona haja ya kuazima neno wakati letu lipo. Alilipenda. Alilitamka polepole, akiligawa vipande vipande, na mgeni akija alimwambia hilo ndilo jina lake la Kenya. Alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alifikaje Sydney, sikuuliza na yeye hakusema. Tulizungumza Kiingereza, chake cha Japani na changu cha Nakuru, kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa yamepitia mikononi mwangu. Ikiwa kuna mahali anaonekana mpole kuliko alivyokuwa, kosa ni langu.

Nilitaka kujua mtu anapandaje kufika ile rafu ya juu. Siku moja ya mvua aliniketisha sakafuni akanichezea watatu. Wa kwanza alikuwa dereva wa malori aliyerekodi kaseti moja maishani mwake kisha akarudi kwenye usukani. Sauti yake ilikuwa nene na ya kawaida kabisa, lakini mwisho wa kila mstari ilipanda, ikajikunja kooni mara tatu, ikashuka taratibu, na kila mkunjo ulinifanya nihisi nimesahau kitu nyumbani. Mwalimu alisema kukunja sauti namna ile mtu anaweza kufundishwa kwa miaka kumi na bado asiweze. Wa pili alikuwa mama kipofu wa kaskazini kwenye baridi kali, na huyo hakukunja karibu chochote. Aliimba wima, akingoja mpaka karibu na mwisho wa wimbo, ndipo akaukunja mkunjo mmoja, na nikashtukia nimeshika mdomo. Wa tatu alikuwa mzee ambaye kikohozi chake kilisikika kwenye kaseti.

"Sikiliza hapa," Mwalimu aliniambia, akirudisha nyuma. "Anavuta pumzi kabla ya kumtaja mama yake. Umesikia? Hakutaka kumtaja."

Nilisikia. Akarudisha tena, na tena. Mvua ilikatika na sisi bado tuko pale, tukisikiliza mtu akivuta pumzi.

Yeye mwenyewe aliwahi kurekodi kaseti akiwa kijana. Niliigundua kwenye rafu ya katikati, ya kupikia, picha yake akiwa na kimono na nywele zimepandishwa juu. Niliposikiliza kwa siri nilidhani ameikosea rafu. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alisema ubeti wa pili aliimba akifikiria jinsi anavyoonekana, na kwamba mtu anayejua kusikiliza atalisikia hilo. Kwa hiyo ilikaa pale, baina ya mabinti wanaoimba kwa pua na bwana mmoja ambaye Mwalimu alisema angefaa kuuza magodoro.

Koo lake alilitunza kupita kiasi. Alisukutua maji ya chumvi vuguvugu asubuhi na jioni, alivaa skafu mwezi wa Januari ambapo hapa hata lami hulainika kwa joto, na soda ya baridi hakuigusa. Kisha, kila alasiri, huyo huyo alizunguka nyuma ya kijumba changu kuvuta sigara moja, akiificha kiganjani nilipopita, nami nikijifanya sioni. Hakupaza sauti kwa mtu yeyote, isipokuwa kwa waamuzi wa raga kwenye televisheni. Hao aliwatukana kwa Kijapani kwa sauti ambayo angemkataza mwanafunzi yeyote kuitoa. Namkumbuka zaidi hivyo, na skafu yake, amesimama mbele ya televisheni na sosi ya pai imemdondokea kwenye soksi.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kuketi tu. Mwanafunzi alisimama kando ya mashine ya karaoke, muziki ukaanza, akaimba, na Mwalimu akawa ameweka kidole juu ya kitufe cha kuuzima. Pale alipoacha kukuamini, alibonyeza. Hakukuambia umekosea nini. Ulirudi mwanzo, ukatafuta mwenyewe. Nyimbo zile kwa kawaida zina beti tatu, na wapo waliokaa miezi kwenye ubeti wa kwanza. Mpishi mmoja wa mkahawa wa Parramatta alikwama kwenye neno la nne tangu Krismasi mpaka Pasaka, na kila Jumamosi alikuja amenyoa vizuri.

Aliyefika mwisho mbele ya macho yangu ni mmoja tu, mzee wa Kiaustralia, dereva wa treni aliyestaafu, mkubwa kama kabati, asiyejua Kijapani hata cha kuombea maji. Maneno aliyaandika kwa herufi zake mwenyewe kwenye karatasi iliyochakaa mikunjo. Ubeti wa tatu ulipoanza, kidole kilikuwa bado juu ya kitufe na sisi wengine tumeacha kupumua. Wimbo ukaisha. Mwalimu akasema, "Imesikilizika." Hakuwa na neno kubwa kuliko hilo. Yule mzee alikwenda kuketi ndani ya gari lake nusu saa kabla ya kuweza kuliendesha.

Uongo hakuuweza, hata ule mdogo wa kusaidia siku ipite. Aliwahi kuja kanisani kwetu Parramatta, sikukuu ya Pasaka, kwaya yetu ya Wakenya ikiimba na kucheza mpaka viti vikasogezwa. Mwishoni watu wakamzunguka kumuuliza ameonaje. "Mnafurahi sana," alisema. "Kumetokea nini?" Mwenyekiti wa kwaya hakunisalimia wiki mbili.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa korona, na kuimba kukapigwa marufuku. Nasema kweli. Kulikuwa na majira hapa Sydney ambapo uliweza kwenda kununua pombe lakini hukuruhusiwa kukusanyika ndani na wenzako mkaimba, kwa sababu pumzi ya mwimbaji huenda mbali. Mwalimu aliisoma ile habari mara mbili, akaniuliza kama ameielewa. Nikamwambia ameielewa. Darasa lilijaribiwa kwa video, kila mwanafunzi kwenye kijidirisha chake, lakini sauti ilifika imechelewa, kidole kikabonyeza watu walipokuwa wamekwisha kupita pale walipokosea. Baada ya Jumamosi mbili alilifunga. Mashine ya karaoke aliifunika kwa kitambaa cha meza.

Mwaka wa pili wa ugonjwa ndio uliotuvunja sisi watu wa magharibi mwa jiji. Fairfield, Parramatta, huku kwetu kote, tulifungiwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Helikopta juu, wanajeshi mitaani, kilomita tano kutoka nyumbani na usivuke. Sisi wa kazi ya wazee tulitembea na kibali kwenye simu na kuchokonolewa pua kila baada ya siku chache. Mama yangu alifariki Nakuru majira hayo, na mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimeketi kwenye ngazi ya kijumba changu, picha ikikwama kila udongo ulipotupwa, ikirudi shimo likiwa limejaa zaidi. Sikuwa nimewahi kujua upweke wa namna ile. Mwalimu alitoka na kiti chake, akaketi mita mbili kutoka kwangu, akakaa pale mpaka simu ikaisha chaji. Naomba hilo likumbukwe, maana yanayofuata yanamwonyesha mgumu.

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Alisema ni baridi. Mimi, kwa kazi yangu, niliogopa ni ule ugonjwa, nikamsukuma akapimwe, na majibu yaliporudi kwamba hana, alinitazama kwa ushindi kana kwamba amenikamata kwenye uongo. Wiki zikapita, sauti ikazidi kuchakaa, ikabaki ya kunong'ona. Hospitali walimpitisha mrija puani kumtazama koo. Niliruhusiwa kuingia naye kwa kuwa niliandikishwa kuwa mtunzaji wake. Daktari, kijana mwenye macho mekundu juu ya barakoa, alisema kuna uvimbe, ni saratani, na mionzi peke yake haitatosha tena. Walitaka kuondoa koromeo lote. Angepumua kwa tundu shingoni. Sauti ingeondoka nalo. Akampa wiki mbili za kuamua, akaongeza kwa upole kwamba zaidi ya hapo uamuzi utakuwa wa uvimbe wenyewe.

Mwalimu aliniachia mimi nipokee karatasi ya kuridhia upasuaji. Tukiwa kwenye gari akasema, "Hapana."

"Mwalimu, ukikataa utakufa."

"Wakiiondoa," aliuliza, "watakayemrudisha Toongabbie ni nani?"

Nikawasha gari.

Binti yake alikuwa Perth, na Perth nako walikuwa wamefunga mpaka wa jimbo lao, hasa dhidi yetu sisi wa Sydney. Alinipigia akilia. Alisema mama yake amemkatia simu mara tatu. Akaniomba nimshawishi, mimi ni nesi, atanisikia. Nikamwambia mimi si nesi, ni mtunza wazee. Akasema, "Wewe ndiye uliye hapo."

Na mimi nilijua kinachokuja. Kazini niliwahi kumshika mkono mzee mmoja ambaye koo lilizibwa na uvimbe. Ilichukua mchana mzima. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila tangu siku ile siwezi kuvaa nguo yenye kola iliyobana. Nilipomfikiria Mwalimu akifa vile, ndani ya nyumba ile, karibu na rafu zile, nilihisi nitapata wazimu. Mama yangu sikuweza hata kumfikia. Huyu alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.

"Mais si umwambie vérité, ile ukweli," Espérance alisema kwenye simu. "Umwambie namna mutu anakufaka na hiyo mambo."

"Nimemwambia. Nimemwambia yote, Espérance. Ni consent form, lazima asaini mwenyewe. Hakuna mtu anaweza kumsainia."

"Basi umupigie magoti. Sisi wakimbizi kule kambini tulipigia watu magoti kwa vitu vidogo kuliko hiyo."

Nilikwenda nikapiga magoti, kweli, kwenye saruji ya uani, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Mwalimu alikuwa akimwagilia figili zake. Alinitazama akaniambia niinuke, nitaharibu magoti na kazi yangu inayahitaji. Sikuinuka. Nililia nikamwambia sijali anaimba au haimbi, nataka awe hai, nimechoka kuzika watu. Alifunga bomba.

Kisha akanong'ona kwamba kuna wimbo mmoja usio kwenye rafu yoyote. Mwalimu wake alimtungia, hakuuweka kwenye kaseti, akamkabidhi kwa mdomo, na yeye hakuwahi kumpa mwanafunzi. "Niimbie huo," alisema. "Siku nitakayokusikiliza mpaka mwisho, nitasaini."

Nilijua maana yake. Ilikuwa hapana ile ile, imefungwa vizuri zaidi. Mpishi alikaa kwenye neno la nne tangu Krismasi mpaka Pasaka, na mimi nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamke anayeosha vyombo katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, mji wa baridi. Ubeti wa kwanza, mwanaume anakunywa chai yake. Wa pili, treni inapiga honi. Wa tatu, mwanamke hainui kichwa, anaendelea kuosha bakuli moja lile lile. Basi. Hakuna zaidi. Niliuliza kama anarudi, Mwalimu akasema nani, nikasema mwanaume, akasema, "Osha bakuli."

Tulifanya darasa uani, baina ya figili na kamba ya nguo, kila mmoja upande wake, barakoa tumezishusha. Mashine haikuwa na wimbo ule, kwa hiyo alinipigia mapigo kwa mwiko wa mbao mezani. Mwiko ukinyamaza, nirudi mwanzo. Mistari alinionyesha kwa kile kilichobaki cha sauti yake, na kilikuwa kidogo, mkwaruzo tu, lakini ule mkunjo ulikuwa bado umo ndani. Siku hizo kila alipoimba mstari nilisikia pia kinachoteketea, nami sikujua nijifunze au nimwombe anyamaze aitunze.

Nilikuwa mwanafunzi wa hovyo. Miaka ishirini ya kwaya ilikuwa imenikaa mwilini. Nilicheza kiuno bila kujua. Nikifika ubeti wa pili nilipandisha sauti juu kama tufanyavyo sisi, ili watu wapate moto. "Kwa nini unacheka?" Mwalimu aliniuliza. "Amekuacha." Nilisema sicheki, akaniletea kioo. Nilikuwa nimetabasamu kwa meno yote. Kanisani hufundishwi kuimba ukiwa umenuna.

Siku ya saba tabasamu lilitoka na machozi yakaingia. Nilipofika kwenye bakuli nilimwona mama, mikono yake kwenye karai, Nakuru, nikavunjika. Mwiko ukanyamaza. Nilitegemea atanionea huruma.

"Ukilia wewe," alisema, "mimi nitafanya nini?"

Nilimchukia kwa muda mfupi, kabisa. Niliingia ndani nikabamiza mlango. Nilipotoka baada ya saa nzima alikuwa bado ameketi, mwiko mkononi, skafu imelowa kwa umande, anakohoa.

Siku ya kumi na moja nilirudi kutoka kazini asubuhi. Kituoni kwetu ugonjwa ulikuwa umeingia upande mzima wa jengo, wenzangu nusu wamewekwa karantini, na kwenye zamu ile nilikuwa nimewafumba macho wawili. Nilipita moja kwa moja uani bila kubadili nguo, nikasimama mahali pangu. Sikuwa na tabasamu wala machozi. Sikuwa na kitu. Niliimba kwa kuwa ilikuwa zamu ya kuimba. Chai, treni, bakuli. Mwiko uliendelea kugonga. Ubeti wa tatu nilijisikia nikiukunja ule mstari wa mwisho, vibaya, mkunjo mmoja badala ya mitatu, na mwiko ukagonga pigo la mwisho ukatulia, na hapakuwa na mstari mwingine wa kurudia.

Mwalimu alitazama figili.

"Imesikilizika," akasema. Akaniomba kalamu.

Alisaini pale pale mezani kwa herufi zake za Kijapani, akakumbuka, akazikata, akasaini tena kwa za hapa. Nilipiga picha ya karatasi mara tatu kabla ya kupata moja ya kuituma Perth. Nilimpigia Espérance nikamwambia nimeimba mpaka mwisho. "Mungu mukubwa," akasema, akaanza kulia, nami nikalia. Na niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Chini ya ile furaha ya kumwokoa mtu palikuwa na fahari. Dereva wa treni na mimi. Nilijipandisha mwenyewe rafu ya juu, nikakaa huko.

Walimfanyia upasuaji wiki iliyofuata. Wageni hawakuruhusiwa. Nilimfikisha mlangoni, nikamkabidhi mfuko wa nguo kwa mtu aliyejifunika mwili mzima, na Mwalimu akanigeukia. Nilingoja aseme kitu, maana ndiyo ingekuwa sauti yake ya mwisho. Alisema nisisahau figili.

Hakurudi Toongabbie. Binti yake, mipaka ilipofunguliwa, alikuja akampangia nafasi katika nyumba ya wazee Parramatta, nyumba ikapata wapangaji wengine, na mimi nikahamia fleti ya Fairfield karibu na Espérance. Kaseti zote nilizichukua. Hospitali walimpa kifaa cha kubana shingoni kinachotoa sauti ya kuzungumzia. Alikijaribu mara moja, akasikia ile sauti ya bati, akakirudisha kwenye boksi lake. Tangu hapo aliandika kwenye kijiubao cheupe, maneno machache machache.

Nilikwenda kila Jumanne asubuhi, kabla ya zamu yangu ya jioni. Nilipimwa mlangoni, nikangoja mstari mmoja wa kipimo usigeuke miwili, nikavaa barakoa, nikaingia. Aliandika: Chakula kibaya. Aliandika: Nikate kucha. Mara moja nilimletea redio ya kaseti na kaseti ya yule mama kipofu wa kaskazini. Kabla sijabonyeza aligeuza uso ukutani, na hakuugeuza mpaka nilipoondoka. Raga hakuitazama. Figili nilizomletea alizitazama akazisukuma kando. Alikuwa hai. Uvimbe haukurudi. Kila Jumanne nilimkuta ameketi kwenye kiti kile kile, mgongo wima, akipumua kwa tundu la shingoni, na macho yake yakinipita kwenda dirishani.

Mwaka mzima hivyo. Nilianza kuogopa Jumanne. Nilikuwa nimemwimbia mtu mpaka akaingia kwenye kiti kile. Alisema waziwazi hataki, mwenye akili zake timamu, na mimi nikapiga magoti, nikalia, nikaimba, kwa sababu sikuwahi mazishi ya mama yangu na nilitaka mtu mmoja, yeyote, asife. Kazini tunafundishwa kuheshimu anachokataa mzee. Mimi sikukiheshimu. Nilikishinda. Nikilala niliusikia ule wimbo, nao ulisikika mzuri, na hilo ndilo lilinichoma zaidi, kwamba ningeimba vibaya kidogo tu angekuwa amekufa kama alivyotaka, na sauti yake anayo.

Jumanne moja sikuweza tena. Nilivuta kiti nikakaa kati yake na dirisha ili asiwe na pengine pa kutazama.

"Mwalimu," nilisema, "nilikukosea?"

Alichukua kalamu. Aliandika polepole, akiinamia ubao nisione, kisha akaugeuza.

Haikuwa nzuri. Neno la pili ulikosea.

Nilisoma mara mbili. "Lakini ulisema imesikilizika."

Akafuta, akaandika tena.

Niliogopa kufa. Nilitaka mtu wa kumsingizia.

Sijui nilitoa sauti gani, lakini muuguzi alichungulia mlangoni. Yeye ambaye hakuweza kuisifu hata chapati. Uongo mmoja maishani, na aliutumia kujinunulia pumzi, akaniachia mimi niubebe mwaka mzima nikidhani ni kipaji. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, maana chini ya ile aibu la kujua sikuimba kitu nilihisi nafuu ambayo sikuwa nimeihisi tangu mama afe. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka kuishi, basi, kama mtu yeyote.

"Na sasa unajuta?" nikamuuliza.

Akafuta tena, akinitazama usoni.

Asubuhi, ndiyo, aliandika. Jioni, hapana. Akatafuta nafasi pembeni mwa ubao. Wewe huja asubuhi.

Nilitoa simu nikampigia msimamizi wa zamu pale pale, nimeketi mbele yake, nikaomba Jumanne zangu zote zihamishiwe asubuhi ili jioni niwe huru. Msimamizi alisema ningoje atazame ratiba. Mwalimu aliufuta ubao kwa kiganja, akajisogeza mbele kwenye kiti chake, akasubiri kusikia nitajibiwa nini.